Mawe kwenye mfuko wa nyongo: yaliyo kimya yaache, yaliyoanza kuuma usiyabembeleze

Muuguzi wa Zamu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka aanze na sehemu ya dalili za hatari, mengine atayarudia akitulia.

Nafanya kazi wodi ya upasuaji katika hospitali ya rufaa, Kanda ya Ziwa. Wagonjwa wa mawe ya nyongo tunaowapokea historia zao zinafanana mno: "Nilikuwa nasumbuliwa na vidonda vya tumbo." Mtu ametumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa miaka, amemaliza dozi za kuua bakteria wa tumbo zaidi ya mara moja, ameacha maharage, pilipili na chai ya maziwa. Maumivu yako palepale, na hakuna aliyewahi kumlaza kitandani akampima altrasaundi. Anafika kwetu macho ya njano, homa juu, anatetemeka. Kipimo ambacho kingemaliza ubishi tangu mwanzo hakichomi, hakikati, na siku hizi hata hospitali za wilaya wanacho. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nimeamua kushusha uzi.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Chini ya ini, upande wa kulia, kuna kifuko chenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, kinachobeba mililita 30 hadi 50 tu. Ini linatengeneza nyongo kama nusu lita hadi lita moja kwa siku. Kifuko kinaihifadhi na kuikoleza, ukila chakula chenye mafuta kinajibana na kuisukuma kwenye utumbo ili mafuta yameng'enywe. Ndani ya nyongo kuna kolesteroli, kuna chumvi za nyongo, na kuna bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Kolesteroli ikizidi kiasi ambacho chumvi zinaweza kukiyeyusha, na kifuko kikawa hakijibani vizuri, inaanza kuganda. Linaanza tope, zinafuata punje, mwisho mawe. Yapo pia mawe meusi yanayotokana na bilirubini, na haya kwetu hatuwezi kuyapuuza kwa sababu ya selimundu (sickle cell), ugonjwa unaovunja chembe nyekundu haraka.

Nani yuko hatarini? Wanawake kuliko wanaume, kwa sababu homoni ya estrojeni huongeza kolesteroli kwenye nyongo, na ujauzito hulegeza kifuko. Umri kuanzia miaka 40, uzito mkubwa, kisukari, na kama mama au dada yako aliwahi kuwa nayo. Haya mengi mmeyasikia.

Ambalo halisemwi vya kutosha ni kupungua uzito kwa kasi. Naona watu wanashindana mitandaoni, kilo kumi ndani ya mwezi, kwa maji na tango. Ukipungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na kwa kuwa huli mafuta, kifuko hakijibani, nyongo inalala mle ndani. Hapo umeyatengenezea mawe mazingira yote. Waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na wanaotumia sindano mpya za kupunguza uzito wamo kwenye kundi hili. Punguza, lakini polepole.

Dawa nazo zipo. Wenye VVU wanaotumia atazanavir wajue kwamba inaweza kusababisha mawe, wamwambie daktari wa kliniki wakianza kupata maumivu upande wa kulia. Seftriaksoni, sindano tunayochomwa kwa kila homa, inaweza kuganda kwenye kifuko na kuonekana kama mawe kwenye altrasaundi, hasa kwa watoto. Yale mara nyingi huyeyuka yenyewe dawa ikisimamishwa, kwa hiyo mtoto asikimbizwe kwenye kisu.

Kijana wa Nyegezi

Nimekaa mstari wa mbele. Tiririka mkuu. Hayo maumivu tunayatofautishaje na vidonda?

Muuguzi wa Zamu

Swali zuri sana, mkuu.

Maumivu ya mawe huja kama shambulio. Umekula pilau ya sherehe, kitimoto au chipsi mayai jioni, umelala, saa sita au saa saba usiku yanakuamsha. Yanakaa juu ya tumbo, katikati au chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka chini ya bega la kulia au katikati ya mgongo. Yanapanda kwa muda mfupi kisha yanakaa kileleni bila kupungua, nusu saa, saa mbili, hata saa tano. Hupati mkao wa kulala. Unatapika, na kutapika hakukupi nafuu. Kisha yanaondoka, unakaa wiki au miezi mzima kabisa, na hapo ndipo mtu anaamini ile dawa aliyomeza ndiyo iliyomponya.

Vidonda vya tumbo huchoma zaidi, mara nyingi kila siku kwa kipindi fulani, na hutulia kidogo kwa dawa za kupunguza asidi. Sisemi utofautishe mwenyewe nyumbani, kwa sababu hata madaktari wazoefu hukosea kwa maelezo tu, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Ninachosema ni hiki: kama umetumia dawa za vidonda kwa usahihi na maumivu ya namna hii yanarudi, omba altrasaundi ya tumbo la juu. Nenda hujala kwa saa 6 hadi 8, maana ukila kifuko kinajibana na mpimaji haoni kitu. Kwa mawe yaliyomo ndani ya kifuko, kipimo hiki huyakamata zaidi ya mara 9 kati ya 10. Cha ajabu CT scan, ile picha ya mashine ambayo watu wanaiona kubwa na ghali, hukosa mawe mengi ambayo altrasaundi inayaona.

Mwenye maumivu haya asijichomee diklofenaki mtaani. Hospitalini ni miongoni mwa dawa nzuri kwa shambulio la mawe, lakini kama kumbe una kidonda tumboni inaweza kukitobosha. Acha achome anayejua.

Sasa DALILI ZA HATARI. Hapa naomba kila mtu asome mara mbili.

Maumivu yakidumu zaidi ya muda wa saa sita bila kuisha, na homa ikaingia, na ukigusa chini ya mbavu za kulia unashindwa kuvuta pumzi, jiwe limeziba mlango wa kifuko na kifuko kimevimba. Hiyo ni ya kulazwa.

Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe, mwili ukawasha, jiwe limetoka kwenye kifuko na kuziba mrija mkuu wa nyongo. Hiyo ni siku hiyohiyo.

Macho ya njano, PAMOJA na homa ya kutetemeka na maumivu ya juu kulia: nyongo iliyoziba imeoza na bakteria wanaingia kwenye damu. Daktari wa Ufaransa, Charcot, alieleza dalili hizi tatu mwaka 1877 na mpaka leo tunazitumia. Huku kwetu ndipo watu wanapotea, kwa sababu homa na kutetemeka moja kwa moja ni malaria. Mgonjwa anapewa dawa mseto, siku tatu zinapita, anafika shinikizo la damu limeshuka na hajitambui. Pima malaria, ndiyo. Lakini kipimo kikisoma hana na macho ni ya njano, usirudi nyumbani na panadol.

Maumivu makali katikati ya tumbo yanayochoma mpaka mgongoni, na kutapika kusikokoma: jiwe limekwama pale mrija wa nyongo unapokutana na wa kongosho, na kongosho limevimba. Mawe ya nyongo ni miongoni mwa sababu mbili kuu za ugonjwa huu, pamoja na pombe. Wengi hupona wakiwahi, lakini ukiwa mkali unaua.

Mwenye kisukari awe mwepesi zaidi, maana maumivu yake yanaweza kuwa madogo huku kifuko kinaoza ndani.

Bint Tanga

Asante dada kwa darsa. Mama yangu mdogo alikutwa na mawe kwa bahati tu, alikwenda kupimwa uvimbe wa kizazi. Haumwi chochote. Daktari wa kwanza akasema atolewe haraka, wa pili akasema aachwe. Tumechanganyikiwa.

Muuguzi wa Zamu

Poleni, Bint Tanga. Yaliyo ndani ya kifuko na hayajawahi kuuma, mara nyingi huachwa, kwa hiyo mimi niko na daktari wa pili. Kati ya watu 100 wenye mawe, karibu 80 hawatapata dalili yoyote maisha yao yote. Wanaoanza kuumwa kila mwaka ni 1 hadi 4 kati ya 100. Kumpasua mtu mzima wa afya kwa sababu ya picha ni kumpa hatari ya upasuaji ambayo hakuihitaji.

Kuna wanaotofautiana na hao: jiwe kubwa kuliko sentimita 3, kifuko ambacho ukuta wake umeshika chokaa, au kinyama kinachoota ndani chenye milimita 10 au zaidi. Hao wana hatari zaidi ya saratani ya kifuko, wanastahili kuonana na daktari bingwa wa upasuaji wapange. Someni ripoti ya mama mdogo kwa makini, muangalie vipimo hivyo. Na kama ripoti inasema jiwe liko kwenye MRIJA, sio kwenye kifuko, hilo haliachwi hata kama hasikii kitu.

Akianza kuumwa, hesabu inabadilika kabisa. Shambulio la kwanza likishatokea, kwa wengi litarudi, na yanayofuata ndiyo yanayoleta homa na umanjano. Hapo ndipo nasema usiyabembeleze.

Msafiri wa Kigoma

Mkuu, mbona kuna tiba mbadala inafanya kazi? Shemeji yangu alikunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku, asubuhi akatoa mawe ya kijani chooni zaidi ya ishirini, nimeyaona kwa macho yangu. Nyinyi wa hospitali mnapenda kisu.

Muuguzi wa Zamu

Mkuu, naamini uliyaona. Naomba nikueleze ni nini.

Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walichapisha barua katika jarida la The Lancet kuhusu mwanamke wa miaka 40 aliyekuja na "mawe" kama hayo baada ya kunywa mafuta ya zeituni, maji ya ndimu na maji ya tufaa. Waliyapeleka maabara. Hayakuwa na kolesteroli, bilirubini wala kalsiamu. Asilimia 75 yalikuwa asidi za mafuta, na yaliyeyuka kwenye joto la nyuzi 40. Mafuta yale yalikuwa yamegeuka sabuni ndani ya utumbo wake. Waliporudi kwenye altrasaundi, mawe halisi yalikuwa bado yamo kwenye kifuko, wakamfanyia upasuaji.

Jaribu la shemeji ni rahisi: arudie altrasaundi. Kama kifuko ni cheupe pee, nitafurahi pamoja nanyi. Hofu yangu ni kwamba mafuta mengi kwa mkupuo yanakibana kifuko kwa nguvu, na hivyo ndivyo jiwe dogo linavyosukumwa mpaka kwenye mrija. Mawe madogo ndiyo yanayosafiri, kubwa mara nyingi linabaki ndani.

Na tusichanganye na mawe ya figo. Kwa figo maji mengi yanasaidia jiwe dogo kutoka na mkojo, na mashine ya kuvunja mawe kwa mawimbi ipo. Nyongo haipiti njia ya maji unayokunywa. Kuvunja mawe ya kifuko kwa mawimbi kuliwahi kutumika, kukaachwa kwa sehemu kubwa, kwa sababu vipande vilikwama kwenye mirija na mawe yalirudi.

Dawa ya kuyeyusha ipo kweli, ya vidonge, asidi ursodeoksikoliki. Inafaa kwa mawe madogo ya kolesteroli ambayo hayana chokaa, na kifuko kiwe bado kinajibana. Unaimeza miezi 6 hadi 24, na ukishaacha, kwa karibu nusu ya watu mawe hurudi ndani ya miaka mitano. Kwa mawe meusi ya selimundu haifanyi kitu. Kwa hiyo anayekuuzia chupa ya "kuyeyusha mawe yote kwa siku saba" hajui hata jiwe lako ni la aina gani.

Mwalimu wa Bayolojia

Naongeza kwa faida ya wadau. Upasuaji wenyewe si mgeni. Carl Langenbuch alitoa kifuko cha nyongo kwa mara ya kwanza Berlin, Julai 15, 1882, kwa mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka miaka mingi. Kabla yake walikuwa wanafungua kifuko wanatoa mawe na kukiacha, mawe yakawa yanarudi. Hoja yake ilikuwa kwamba kifuko kinaondolewa kwa sababu ndicho kinachotengeneza mawe. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Septemba 12, 1985, Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akakitoa kwa kutumia kamera kupitia tundu dogo, na wenzake wakampinga vikali. Leo njia hiyo ndiyo ya kawaida.

Muuguzi wa Zamu

Ubarikiwe, mwalimu. Umenirahisishia.

Upasuaji wa matundu madogo unafanyika hivi: unalazwa usingizi, tumbo linajazwa hewa ya kaboni, yanatobolewa matundu manne kwa kawaida, kifuko kinatolewa na mawe yake yote. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyo au kesho yake, na kazini ndani ya wiki moja au mbili. Ukifunguliwa kwa mshono mrefu ni wiki nne hadi sita. Daktari anaweza kuanza na matundu akalazimika kufungua kwa sababu kifuko kimeshikana na viungo vingine. Akifanya hivyo ameona usalama wako, msimlaumu.

Hatari ipo, sitaificha. Kubwa tunayoiogopa ni kukatwa mrija mkuu wa nyongo, hutokea chini ya mara 1 kati ya 100, lakini ikitokea ni safari ndefu ya matibabu. Ndiyo maana ni haki yako kumuuliza daktari anafanya upasuaji huu mara ngapi.

Kifuko kikiwa tayari kimevimba, zamani tulikuwa tunakipoza kwa dawa kisha mgonjwa arudi baada ya wiki sita. Sasa ushauri ni kukitoa mapema, ndani ya wiki moja hivi ya kugundulika, kama hali ya mgonjwa na hospitali vinaruhusu. Wengi waliokuwa wanasubiri zile wiki sita walirudi kabla ya muda na hali mbaya zaidi.

Jiwe la kwenye mrija lina njia yake: kamera inapitishwa mdomoni mpaka utumbo mdogo, mlango wa mrija unapanuliwa, jiwe linavutwa. Huduma hii haipo kila hospitali, kwa hiyo mkipewa rufaa ya Muhimbili au kwingine kwa ajili hiyo, msikae nyumbani mkijadili wiki nzima.

Mama Wawili

Jamani, nina mimba ya miezi mitano na nimeambiwa nina "tope" na mawe madogo. Nimeshashikwa mara moja. Nitapasuliwa na mtoto tumboni?

Muuguzi wa Zamu

Pole mama, na hongera. Tope mara nyingi huondoka lenyewe baada ya kujifungua, na hata mawe madogo wakati mwingine. Shambulio moja lililotulia kwa kawaida linasubiriwa kwa kula mafuta kidogo na kliniki kujua. Yakirudi tena na tena, au ikija homa, umanjano au kongosho, upasuaji wa matundu unafanyika ukiwa mjamzito, na miezi ya katikati kama yako ndiyo inayofaa zaidi. Ila sikiliza: ujauzito una ugonjwa wake wa ini na shinikizo la damu ambao nao huuma hapohapo chini ya mbavu za kulia. Ukishikwa tena, usikae nyumbani ukisema "ni yale mawe yangu". Nenda wakupime presha, mkojo na damu.

Msafiri wa Kigoma

Nimekuelewa, dada. Nitamshauri shemeji arudi kupima. Swali la mwisho kutoka kwangu: binti yangu ana selimundu, miaka 11, analalamika tumbo mara kwa mara. Anaweza kuwa na mawe kwa umri huo?

Muuguzi wa Zamu

Anaweza kabisa, mkuu. Chembe zake nyekundu zinavunjika haraka, bilirubini inakuwa nyingi, na mawe meusi huanza utotoni. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, kwa hiyo swali lako ni la wazazi wengi humu.

Ugumu wake ni kwamba maumivu ya mawe na maumivu ya selimundu yenyewe hufanana, na macho yake huenda ni ya njano kila siku. Kwa hiyo wewe mzazi angalia mabadiliko: njano kuongezeka kuliko kawaida yake, maumivu kuhamia kulia na kuja baada ya kula, homa. Mwombe daktari wa kliniki ya selimundu ampime altrasaundi hata sasa akiwa mzima. Yakikutwa na anaumwa, kifuko hutolewa kwa kupangwa, akiwa ameandaliwa maji, hewa ya oksijeni, joto la mwili na mara nyingi damu. Kwa watoto hawa kupangwa ni salama mno kuliko dharura.

Kijana wa Nyegezi

Na baada ya kutolewa mtu anaishije bila kifuko? Mama anaogopa ataambiwa asile nyama maisha yake yote.

Muuguzi wa Zamu

Mwambie mama asiogope hilo. Ini linaendelea kutengeneza nyongo kama kawaida, sasa inatiririka moja kwa moja utumboni. Wiki za mwanzo ale kidogo kidogo, mafuta yapungue, aongeze taratibu huku akiangalia mwili unasemaje. Baadhi ya watu hupata choo laini, hasa baada ya chakula cha mafuta, na kwa wengi hutulia. Kikiendelea ipo dawa, asikae kimya. Baada ya hapo nyama atakula.

Cha kumwangalia ni siku za mwanzo baada ya kutoka hospitali: homa, tumbo kuvimba na kuuma zaidi kila siku badala ya kupungua, macho kuwa njano, au maji ya kijani kutoka kwenye kidonda. Mojawapo likitokea arudi wodini hata kama ni usiku, na aende na karatasi ya kuruhusiwa pamoja na ripoti ya altrasaundi ya kwanza.